Kelele Chini ya Kikumi: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Saspensheni ya Mbele Mwenyewe

Kikumi yangu, gari aina ya Toyota Corolla, ilipoanza kugonga mbele, kitu cha kwanza nilichofanya ni kununua shokapu mbili. Fundi mmoja wa kando ya barabara aliikandamiza boneti mara moja, akatikisa kichwa, akasema, "Shokapu zimekufa, mzee." Nikalipa, zikafungwa, nikatoka Busia kuelekea Tororo, na kabla sijamaliza hata nusu ya safari nikasikia tena kap-kap-kap ile ile. Kumbe kilichokufa kilikuwa linki ya stebilaiza (stebilaiza ni fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), kijiti cha chuma ambacho bei yake haikufika hata robo ya shokapu moja. Tangu siku hiyo sinunui spea mpaka nimekishika kitu kilichoharibika kwa mkono wangu na kukiona kinacheza.

Ninaandika hapa kuhusu Toyota Corolla AE100, ambayo Uganda nzima tunaiita Kikumi, yaani mia moja kwa Kiganda, kwa sababu ya hiyo namba. Mwenye Corolla 110, Carina, Corona au Premio ya miaka ya 1990 anaweza kufuata pia, maana mpangilio wa mbele unafanana: shokapu imesimama wima ndani ya springi, na chini kuna amu, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu, moja tu kila upande. Muundo huo ni wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, wa miaka ya 1940, na uzuri wake ni kwamba una vipande vichache. Hiace na Mark II zina mpangilio mwingine; wenye nazo huku wasinifuate.

Na gari hizi hazitapata wenzao wapya. Tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 15, kwa hiyo Kikumi zilizopo ndizo hizo hizo tunazozibembeleza.

Sikiliza kabla ya kufungua chochote

Tafuta barabara iliyo na ukuta mrefu kando yake, fungua dirisha la upande wa ukuta, uende polepole. Ukuta unakurudishia sauti ambayo ukiwa barabara ya wazi inapotea. Halafu rudia ukiwa na mtu upande wa pili. Mimi humchukua mpwa wangu, masikio yake bado hayajaharibiwa na miaka.

Kap-kap-kap nyepesi kwenye mashimo madogo ya mfululizo, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole, mara nyingi ni linki ya stebilaiza. Mdundo mmoja mzito unapokanyaga breki, na mwingine unapoachia, au unapotoka gia ya mbele kwenda rivasi, ni bushi ya amu ya chini, ile raba iliyo kwenye maungio ya amu na bodi. Ukizungusha usukani gari limesimama na ukasikia krrr, kisha springi inajiachia kwa kishindo, angalia mauntingi, yaani kile kikombe cha raba na beringi kilicho juu ya shokapu. Gari likishuka kwenye tuta na kuendelea kunesa mara mbili tatu, hapo ndipo shokapu inaposhtakiwa kwa haki.

Kuna mbili zinazowadanganya watu. Ta-ta-ta unapokata kona huku umekanyaga mafuta ni siivii jointi, maungio ya ekseli, na hiyo si saspensheni. Na kelele inayonyamaza ukigusa breki kidogo tu ni pedi za breki zinazocheza ndani ya kalipa, yaani kishikio chake. Nimewahi kumwona mtu akibadilisha amu zote mbili kwa sababu ya pedi.

Tikisa

Vitabu husema ushike tairi saa 12 na saa 6. Kwa saa yetu sisi hilo linaleta ubishi usio na maana, kwa hiyo nasema tu juu na chini. Pandisha upande mmoja, weka stendi, shika tairi juu na chini, vuta na kusukuma. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki na ujaribu tena. Mchezo ukipotea, ni beringi ya tairi. Ukibaki, ni bolijointi, maungio yenye tufe kati ya amu na chuma cha gurudumu. Sasa shika kushoto na kulia: mchezo hapa, ambao juu na chini haukuwepo, ni tairodi, fimbo inayopeleka usukani kwenye gurudumu.

Bolijointi ichunguze pia kwa mtaimbo. Kwenye muundo huu uzito wa gari unapita kwenye springi na shokapu, haupiti kwenye bolijointi, kwa hiyo tairi likining'inia inakuwa legelege na unaweza kuipima vizuri. Weka mtaimbo kati ya amu na chuma kizito kinachobeba habu, yaani kitovu cha gurudumu, bonyeza taratibu, na jicho lako liwe kwenye maungio. Isisogee hata kidogo kwenda juu na chini. Angalia na buti yake ya raba: ikiwa imepasuka, hata kama haichezi leo, hesabu siku. Vumbi jekundu la murram likikutana na grisi linageuka msasa.

Linki ndiyo inayowashinda wengi, na sababu ni hii. Ukipandisha upande mmoja tu, stebilaiza inajisokota, inaibana linki, nayo inajifanya nzima. Ipime magurudumu yote mawili yakiwa chini, au yote mawili yakiwa juu. Ishike kwa mkono, itikise kwa nguvu. Ukishindwa kuamua, zifungue zote mbili, uende mwendo wa polepole mtaani kwenu. Gari litalala zaidi kwenye kona, lakini ikiwa kelele imeondoka, umepata jibu bure. Usiende nalo barabara kuu hivyo. Na usishangae ukikuta gari lako halina stebilaiza ya mbele kabisa; baadhi hazikuwekewa.

Bushi ziangalie kwa tochi: nyufa za juujuu si kitu, ila raba iliyoachana na chuma, au amu inayoruka ukiisukuma kwa mtaimbo, imekwisha. Shokapu yenye unyevunyevu wa vumbi inaweza kuishi. Yenye mafuta yanayochuruzika imekwisha.

Vifaa na spea

Jeki, stendi mbili za chuma, seti ya soketi na spana kuanzia 12 hadi 22, paipu ya kuongezea urefu wa mpini, nyundo nzito, mtaimbo, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, waya wa kufungia, rangi nyeupe au chaki, na splitipini mpya. Splitipini, ile pini ya kukunja inayozuia nati isifunguke, ni kitu cha shilingi chache. Usirudishe ya zamani wala usiweke msumari. Mafuta ya kulegeza kutu yapake jana yake, baada ya kusugua nyuzi za bolti kwa brashi. Ukiyapaka juu ya udongo uliokauka unalainisha udongo tu.

Kuhusu spea, soko la Kisekka pale Kampala ndipo wengi wetu tunapoishia, na kutoka Busia ni kama kilomita 200, kwa hiyo nenda na kipande cha zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi. Maneno "ya Kikumi" hayatoshi, kwa maana kuna tofauti ndogondogo kati ya gari na gari. Linganisha unene wa msumari wa bolijointi (ile ncha yake yenye nyuzi), nafasi kati ya matundu, urefu wa linki.

Maoni yangu: bolijointi, linki, tairodi na bushi nunua mpya, hata kama ni za bei ya kati. Shokapu ya mtumba iliyotoka Japani inaweza kuwa nzuri kuliko mpya isiyo na jina, lakini ipime pale pale. Isimamishe wima, sukuma fimbo mpaka chini na kuivuta mpaka juu mara kadhaa. Uzito uwe ule ule safari nzima, na unapogeuza mwelekeo kusiwe na pengo. Pitisha ukucha kwenye fimbo. Ukikwama kwenye mkwaruzo, irudishe.

Kupandisha gari

Sehemu ngumu, si murram laini. Hendibreki, gia ya kwanza au P, na vizuizi nyuma ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Pandisha, weka stendi chini ya sehemu imara ya bodi, lishushe gari lilale juu ya stendi, kisha lisukume kwa bega. Likiyumba, anza upya. Tofali halikubaliki: tofali halikwambii linapokaribia kupasuka, linapasuka tu. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya bodi kama mlinzi wa pili.

Linki

Kazi ya dakika 20 kama kutu haijashinda. Upande mmoja wa linki umeshikwa na stebilaiza, mwingine na amu au mwili wa shokapu, kutegemea modeli. Pandisha pande zote mbili ili stebilaiza itulie. Msumari ukizunguka pamoja na nati, tafuta tundu la ufunguo wa L kwenye ncha yake na uushike hapo. Kama tundu limejaa kutu, kata nati kwa msumeno wa chuma, linki ya zamani huitaki tena. Badilisha zote mbili.

Bolijointi

Hii ndiyo inayoua. Bolijointi ikichomoka, tairi linalala upande na usukani haukutii, kwa hiyo ukiipata inacheza, gari lisiende popote mpaka imebadilishwa.

Kwenye Kikumi imefungwa kwenye amu kwa bolti moja na nati mbili; huhitaji presi. Ng'oa splitipini, legeza nati yenye meno mpaka ikaribie ncha ya msumari lakini usiitoe. Nafasi ni finyu kwa sababu ekseli iko karibu, vumilia. Msumari huu ni mwembamba juu na mnene chini, umejikaza kwenye tundu kama kizibo, na kuugonga kwenye ncha kunaharibu nyuzi tu. Gonga ubavu wa tundu lenyewe, kwenye ule chuma kizito, mapigo mawili matatu ya maana, huku mtaimbo ukiikandamiza amu kwenda chini. Chuma kinapanuka kwa punje ndogo sana na msumari unaruka. Ile nati uliyoiacha ndiyo inayozuia vitu visikuangukie.

Sasa toa bolti na nati mbili za chini, kisha ile ya juu, shusha amu kwa mtaimbo na uchomoe. Hapa funga waya kutoka kwenye chuma cha habu hadi kwenye springi: kikiachwa kianguke nje, ekseli inavutika na jointi ya ndani inaweza kuachana. Ukisikia "tap" upande wa giaboksi, umejiongezea kazi ya siku ya pili.

Safisha tundu kwa kitambaa kikavu, bila grisi ndani yake. Weka mpya, kaza za chini, kisha nati yenye meno. Tundu la splitipini lisipolingana na meno, kaza zaidi kidogo mpaka lilingane, usilegeze kamwe.

Bushi za amu, na kosa ambalo karibu kila gereji hulifanya

Kuzing'oa na kuziingiza kunataka presi. Toa amu mwenyewe, ipeleke kwa mwenye presi, umwambie bushi ya nyuma ielekee vile vile ilivyokuwa. Iwekee alama ya rangi kabla hujaondoka nyumbani. Kabla ya hapo angalia kama bolti ya amu ina nafasi ya kutoka. Kwenye gari nyingine bolti ya upande mmoja inagonga giaboksi, na inabidi injini iinuliwe kidogo au fremu ya chini ishushwe.

Kosa liko kwenye kurudisha. Bushi haitelezi. Raba yake imegandishwa kwenye bomba la nje na bomba la ndani, na ukikaza bolti, bomba la ndani linashikwa lisizunguke tena. Amu inapopanda na kushuka ni raba inayojisokota na kurudi. Ukikaza bolti amu ikiwa inaning'inia, raba inakubali kwamba hiyo ndiyo hali yake ya kupumzika. Ukishusha gari, amu inapanda na raba inajikamua kama nguo ya kufua, na inabaki imekamuliwa hivyo usiku na mchana, hata gari likiwa limelala uani. Baada ya miezi michache imechanika, na utasikia watu wakilaumu spea za siku hizi.

Kwa hiyo zikaze kwa mkono tu mpaka zishike. Kisha weka jeki chini ya ncha ya amu karibu na bolijointi, pandisha polepole mpaka gari linapoanza tu kuachana na stendi, lakini lisiachane kabisa. Hapo amu iko pale itakapokuwa gari likitembea. Ndipo ukaze. Angalia kwa macho yako raba kabla na baada: iwe imetulia, isiwe na mikunjo.

Shokapu

Hapa kuna mpaka ambao mimi siuvuki. Kutoa na kurudisha shokapu nzima pamoja na springi yake ni kazi ya nyumbani. Kuitenganisha springi na shokapu si kazi ya nyumbani kama huna vibano halisi vya springi. Nimeona kijana akiifunga springi kwa mkanda wa gari na waya, akafungua nati ya katikati. Mkanda ulikatika na kikombe cha juu kikatoboa bati la kibanda. Kichwa chake kilikuwa kando tu. Ukifungua boneti utaona nati tatu zinazoshika shokapu juu; nati ya katikati, ile moja iliyo kati ya zile tatu, usiiguse.

Fungua paipu ya breki kwenye kishikio chake cha shokapu, na waya wa ABS kama upo. Bolti mbili za chini zinazoshika chuma cha habu ziwekee alama ya rangi kuzunguka vichwa na vishikio, ili mwinamo wa tairi urudi karibu na ulivyokuwa. Legeza bolti hizo, ambazo hukazwa kwa nguvu kuliko nati za tairi, kwa hiyo paipu itahitajika. Fungua nati mbili kati ya zile tatu za juu chini ya boneti, mwenzako ashike shokapu, toa ya tatu na bolti za chini. Funga habu kwa waya isiangukie nje, na paipu ya breki isibebe uzito wowote.

Mwenye vibano akikutenganishia, mwombe akuoneshe mauntingi na ile raba inayozuia shokapu isigonge chini kabisa. Kama beringi ya mauntingi inakwaruza ukiizungusha kwa mkono, badilisha sasa. Hutapenda kufungua yote tena. Ncha ya springi ikae kwenye kituo chake. Shokapu hubadilishwa mbili kwa mpigo, kushoto na kulia.

Tairodi na alaimenti

Legeza kwanza nati ya kufungia kwa robo mzunguko tu, toa msumari kwa mapigo ya ubavuni kama bolijointi, kisha hesabu mizunguko kwa sauti unapoifungua tairodi. Mpya iingie mizunguko hiyo hiyo. Andika kwenye kiganja, simu ikiita utasahau.

Hata hivyo, baada ya tairodi, shokapu au amu, gari linahitaji alaimenti ya mashine, yaani kunyoosha magurudumu. Ili ufike huko bila kula matairi, weka usukani sawa, chora alama ya chaki katikati ya upande wa nyuma wa kila tairi la mbele, kwenye urefu wa habu, upime umbali kati ya alama hizo. Sukuma gari mbele mpaka alama ziwe mbele kwenye urefu ule ule, upime tena. Tofauti iwe milimita moja au mbili, mbele pawe padogo au pawe sawa na nyuma. Ikizidi hapo, rekebisha kwa kuzungusha tairodi zote mbili kwa kiasi sawa.

Kukaza bila toki spana

Nati za tairi za Corolla hizi zinataka Nm 103 (Nm ni nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Wachache wetu wana toki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, lakini kila nyumba ina jerikani ya njano ya lita 20. Ikijaa maji, pamoja na plastiki yake, ni takriban kilo 21. Itundike kwenye mpini nusu mita kamili kutoka katikati ya nati, mpini ukiwa umelala sawasawa na ardhi, uiache ishuke yenyewe bila kuirusha: hiyo ni Nm 103 hivi. Jerikani yenye maji lita 9 tu mahali pale pale ni karibu Nm 49, na ndizo nati ya tairodi inazotaka. Jirani zangu walicheka mara ya kwanza. Sasa wanakuja kuazima jerikani.

Nati za tairi kaza kwa msalaba, gari likiwa chini. Kabla ya kutoka kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho, uone paipu ya breki haivutiki wala haigusi tairi. Kisha rudi kwenye ule ukuta, dirisha wazi, mwendo ule ule. Baada ya kilomita 100 rudia jerikani kwenye nati zote za tairi, na uingie chini kwa tochi uangalie kila splitipini imekunjwa.